Shimo la Injinia

Saa nne kasorobo asubuhi, na bajaji ya Shimba ilikuwa haijasogea hata hatua tangu saa tatu na nusu. Pale Nyakato lori la pamba lilikuwa limezamisha tairi la nyuma shimoni, likaziba barabara nzima, na kila dereva nyuma yake anapiga honi utadhani honi ndiyo italivuta.

Mama Kokuberwa, katibu wa kamati ya barabara ya mtaa wao kule Buswelu, alikuwa ameikumbatia bahasha kifuani. Ndani mna barua ya kuomba mashimo ya mtaa yazibwe, na saini mia nne na kumi na mbili. Miezi mitano alizikusanya nyumba kwa nyumba, vumbi lake, tope lake, mbwa wa watu wakimkimbiza. Leo injinia wa barabara anakuja ofisi ya mtaa saa nne kamili, na amesema wazi kwamba ana nusu saa tu. Sasa umeme nao, mwaka mzima una siku zote hizo, ukaona ukatike Buswelu leo! Ndiyo maana alikimbilia Nyakato kutoa nakala.

"Shimba, pita pembeni."

"Mama, pembeni ni mtaro."

"Basi pita kwenye mtaro!"

"Jamani mama, hii ni bajaji, si mtumbwi."

Saa nne na robo simu ikalia. Mwenyekiti, mzee Rwehumbiza.

"Uko wapi, Koku? Anasema asipoona maandishi, ataandika mtaa hauna malalamiko."

Hauna malalamiko! Akakata simu. Akashuka, akavua viatu, akaruka mtaro, akalipita lori. Upande wa pili akapata bodaboda. Hata kilometa mbili hazijaisha, pancha. Akamwachia kijana hela yake, akaendelea kwa miguu, anahema, anaongea peke yake kama mwehu.

Alipofika ilikuwa saa tano kasorobo, na injinia alikuwa ameshaondoka. Lakini hakufika mbali. Kuja alilikwepa shimo lililo mbele ya ofisi. Kutoka, kwa haraka zake, akaliingia lote. Wanaume kumi wa mtaa walikuwa wameinama nyuma ya gari lake, wanahesabu moja, mbili...

"Msisukume!"

Wakageuka. Kokuberwa alisimama dirishani kwa injinia, miguu imejaa tope.

"Mama, shikamoo. Nina kikao mjini."

"Marahaba. Na mimi nilikuwa nacho hapa."

Kokuberwa akaisoma barua yote kwa sauti. Kisha akasoma majina, mia nne na kumi na mbili, hakuruka hata moja. Injinia, jasho linamtiririka, mwisho akaomba kalamu akasaini kwamba amepokea. Ndipo wakamsukuma. Siku hiyo watu walimwimbia Kokuberwa hadi mlangoni kwake.

Jumatatu lori la kifusi likaja kweli. Mtaa mzima ukatoka kutazama. Mafundi wakamwaga, wakashindilia, wakapakia sepetu zao, na kabla ya saa sita wakaondoka. Walikuwa wameziba shimo moja tu. Lile la injinia.

Kokuberwa akaenda kusimama juu yake, akalikanyaga kwa kisigino, mara moja, mara mbili. Lilikuwa gumu, limesawazishwa vizuri kabisa. Kumbe wanajua kuziba. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.