Uwanja Nyuma ya Gereji

Mume wangu Duane ana miaka sabini na mmoja, na mgongo wake una tisini. Hilo halikumzuia, Septemba iliyopita, kuita watu wamwage zege nyuma ya gereji yetu, pale pale nilipokuwa napanda maharage, ili tuwe na uwanja wa mpira wa kikapu. Si wa kucheza sisi. Kwetu sisi kuinama kufunga kamba za viatu ni mchezo tosha.

Uwanja ulikuwa wa Kinsley, mjukuu wetu wa miaka kumi na tatu. Baba yake, mwanetu Todd, amemtia kwenye timu ya kuzunguka: leo Des Moines, wiki ijayo Fargo, kila wikendi ukumbi mwingine. Tangu Pasaka tulikuwa tumemwona mara mbili, na zote mbili tulimwona kwa mbali, tumekalia mabenchi ya chuma. Duane alipolalamika, Todd alimjibu kwenye simu, "Mzee, Jumamosi asiyo na mechi mtoto lazima arushe mipira mia tatu. Huko kwenu atarushia wapi, kwenye ghala la mahindi?" Duane akakata simu, na baada ya chakula cha jioni akatoka kwenda kupima ua kwa hatua.

Tukasubiri wiki nne zege likomae. Katikati ya Oktoba vikaja vigae vya plastiki, maboksi kwa maboksi, vile vya kuchomekana kimoja kwa kingine. Tulivitandaza wenyewe siku tatu, kwa magoti, asubuhi nyasi zikiwa nyeupe kwa jalidi na vidole vimekufa ganzi. Karatasi ya maelekezo ilisema tuache nafasi ya kidole kuzunguka kote, maana plastiki hutanuka kwenye joto. Nikamsomea.

"Joto gani, Marlys? Theluji iko mlangoni."

"Imeandikwa hapa, mzee."

"Nafasi itaingiza majani. Halafu itakaa vibaya, kama pengo la meno."

Akavikaza vigae kutoka ukuta wa gereji mpaka kwenye mbao za ukingo upande wa pili, hata wembe usipenye. Sikio la kufa halisikii dawa, nami nilikuwa nimechoka mno kubishana. Nilichotaka ni maji ya moto na kitanda.

Jumamosi iliyofuata Todd akamleta Kinsley. Na siku hiyo, kana kwamba mbingu zilikuwa na kisasi na mume wangu, likawaka jua kali la katikati ya kiangazi. Kufikia saa sita mchana majirani waliokuwa wakikusanya majani walikuwa wamevua makoti. Tulipotoka nyuma na mpira, tukakuta uwanja umeinuka katikati kama mkate uliozidi hamira. Paka angeweza kupita chini yake.

"Nafasi ya kidole," nikamnong'oneza Duane.

"Nyamaza, Marlys."

Todd akalisukuma lile tuta kwa ncha ya kiatu. "Sasa hii nini, mzee? Nimeendesha gari dakika hamsini."

Duane alikuwa anamtazama Kinsley, nami nikamtazama. Alikuwa na bandeji kwenye magoti yote mawili na mpira kaukumbatia kifuani. Alilitazama tuta, mabega yakamshuka, akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba hana ugonjwa. Nimezaa na nimelea. Naijua sura ya mtoto aliyesamehewa kazi. Iliniuma, maana magoti yangu niliyamalizia pale kwa ajili ya mipira hiyo mia tatu.

Kulilaza tuta lile ni kazi ya robo saa. Unakata ukingo mmoja kwa msumeno, vigae vinapata pa kupumulia, basi. Duane kafanya useremala miaka arobaini. Alilijua hilo kabla hatujamaliza kushangaa.

"Uwanja umeharibika," akamwambia Todd. "Inabidi kung'oa kigae kimoja kimoja na kupanga upya. Na mgongo huu, peke yangu siwezi."

"Nikutafutie fundi?"

"Fundi wa nini? Niletee huyu, ana mikono midogo. Kila Jumamosi asiyo na mechi, mpaka theluji ianguke."

Todd akamgeukia binti yake. "Utaweza kazi hiyo?"

"Nitajitahidi, Baba," Kinsley akasema haraka, bila kumtazama mtu.

"Na zile mia tatu je?"

"Uwanja ukipona atarusha mia sita," Duane akasema. Nimeishi naye miaka arobaini na sita na sikujua kama anaweza kudanganya hivyo bila kupepesa jicho.

Jumamosi nyingine wakaja. Kinsley akala sahani mbili za viazi na nyama ya kusaga kutoka kwenye oveni, akajilaza kwenye kochi, na kabla sijaleta blanketi alikuwa amelala fofofo. Todd, anayeuza bima hata siku za mapumziko, alibaki kwenye gari mbele ya nyumba akizungumza na wateja, kioo kimeshushwa nusu. Duane alimchungulia dirishani. Kisha akavaa koti, akachukua nyundo yenye kichwa cha mpira, akatoka kwa mlango wa jikoni.

Nikaanza kusikia ngo, ngo, ngo. Uwanja alikwisha kuulaza Jumapili, siku moja tu baada ya wao kuondoka mara ya kwanza, na hakikuwepo kigae hata kimoja kilichohitaji kuguswa. Baridi ilikuwa imerudi. Aligonga, akapumzika, akagonga tena, na kila alipopumzika alichelewa zaidi kuanza.

"Mnaendeleaje huko?" Todd akapaza sauti kutoka garini.

"Polepole!"

"Kinsley anafanya kazi?"

"Kashikilia upande wa pili!"

Nikachukua koti langu nikamfuata. Alikuwa amepiga magoti, mikono chini, uso umekuwa kijivu, na hakuweza kuinua kichwa kunitazama.

"Lete hiyo nyundo," nikamwambia.

"Wewe unaweza kupiga magoti?"

"Siwezi. Lete."

Nikashuka goti moja, kisha la pili, nikaanza kugonga. Mtoto alilala mpaka saa tisa.