Mkaratusi wa Telesphor

Osward alimwandikia jirani yake barua mbili kuhusu ule mkaratusi, na zote mbili mwenyekiti wa kitongoji alizigonga muhuri. Telesphor akajibu kwamba mti hauna shida, umeinama tu. Jumanne moja, saa nane mchana, mvua ya upepo ikaipiga Sitalike. Mti ukang'oka na mizizi yake, ukaangukia chumba alimolala Osward na homa yake. Mkewe, Pudensiana, alikuwa jikoni uani akichambua mchele. Hakulia. Watu wakasema atalia makaburini. Makaburini nako alisimama tu kama anayesubiri gari.

Polisi waliandika kuwa ni ajali ya mvua. Ikabaki nyumba, na shauri la nyumba likapelekwa baraza la kata, Pudensiana na Telesphor wasuluhishwe. Katibu, mama mmoja mpole, akamwomba mjane ataje vilivyoharibika. Pudensiana akataja: bati kumi na nne, kenchi, ukuta wa upande wa barabara, kabati, kitanda.

"Kitanda cha futi ngapi, mama?"

"Tano kwa sita."

Katibu akaandika. Kwenye benchi la pili, Telesphor akainamisha kichwa. Wajumbe walipomuuliza hakubisha. Alisema barua alizipata, akazidharau, na nyumba ataijenga kwa mikono yake. Wote wawili wakatia saini. Wanawake waliomsindikiza Pudensiana wakampa mkono kwamba ameshinda. Aliupokea kila mkono, akauachia.

Jumatatu yake Telesphor akaja na mwiko, na tofali alizokuwa amezichoma kwa ajili ya nyumba ya mwanawe. Alijenga wiki tatu. Pudensiana alimwekea maji ya kunywa, akaendelea na kazi zake. Zaidi ya salamu hawakusemeshana. Alingoja chuki imjie, haikuja; akangoja huruma, nayo haikuja.

Ukuta ulipofika kiunoni, Telesphor alimfuata uani, kofia mkononi.

"Mama Mercy, dirisha tuliweke wapi?"

Zamani lilitazama mawio, kwa sababu Osward alipenda kuamshwa na jua.

"Weka popote, baba."

Telesphor akalirudisha palepale. Alipomaliza kuezeka, Pudensiana alimshukuru, kisha akakijaza chumba kile magunia ya mpunga hadi dirishani. Yeye akaendelea kulala sebuleni, kwenye mkeka.