Kochi la Kumpokea Karani

Mtaani walimwita Bibi Sindano, kwa kazi yake ya kushona viraka. Hakutaka mgeni wa serikali akalie ndoo, kwa hiyo asubuhi ya kuja karani Mama Pacha wa nyumba ya pili alipojitolea kumwazima kochi lake jekundu, alishukuru mpaka machozi yakamlengalenga.

"Jirani ni ndugu, Bibi," Mama Pacha alisema, akilisukuma ndani mwenyewe.

Saa nne karani akaingia na kishikwambi chake, binti mpole mwenye viatu vilivyojaa vumbi. Alikuwa akiandikisha watoto wa kupewa posho ya serikali, na Bibi alikuwa akilea wajukuu watatu wa marehemu binti yake. Mnakula mara ngapi? Maji mnachota wapi? Bibi akajibu bila kupepesa macho. Kisha karani akapapasa kitambaa cha kochi.

"Hili ni lenu?"

"Kaa kwanza, mjukuu wangu."

"Nauliza kwa sababu nikiandika kochi, huenda mkakosa posho."

Bibi akatupa jicho upande wa nyumba ya pili. "Kwa jirani umeshapita?"

"Nimeanzia kule. Yule ana mkeka tu."

Hapo Bibi akaelewa. Kumbe wema wote ule ulikuwa wa kuficha kochi! Neno moja tu, na Mama Pacha kwisha habari yake. Lakini wale pacha Bibi aliwapokea kwa mikono yake mwenyewe siku walipozaliwa, na baba yao alipotoroka, kochi ndilo kitu pekee alichoacha. Watoto watalitafuna?

"Bibi, nakusubiri. Nina nyumba kumi na moja bado."

Mjukuu mkubwa akafungua mdomo. Bibi akambana bega.

"Si letu. Nimeazima nisiaibike mbele yako."

"Kwa nani?"

"Hilo sisemi."

"Bila mwenyewe kujulikana, msimamizi wangu hatakubali. Nitaandika ni lenu."

Kidole chake kikashuka kuelekea kioo. Bibi akafumba macho.

"Ni langu!" Mama Pacha alikuwa mlangoni, anahema, pacha mmoja mgongoni. Kumbe alikuwa amesimama nje ya dirisha muda wote. Akamgeukia karani. "Niliogopa, dada. Niliogopa tu."

Karani hakumgombeza. Alifuta, akaandika upya, nyumba zote mbili.

Orodha ya posho ilipobandikwa, wajukuu wa Bibi walikuwemo. Pacha hawakuwemo. Mama Pacha aliisoma mara tatu, akakaa chini palepale kwenye vumbi.

"Inuka," Bibi akamwambia. "Ulinifanyia ujanja, na bado nina hasira nawe. Lakini twende tukakate rufaa. Nipe mtoto mmoja nikubebee."

Ofisini waliambiwa warudi Jumatatu. Jumatatu wakarudi.