Bei Itashuka Tu

Mdogo wangu hajawahi kununua kitu siku aliyokihitaji. Feni yake aliinunua watu wakiwa wamejifunika mablanketi, na hita akaibeba begani mchana wa jua kali, jasho linamtiririka, majirani wanamcheka. Wala hakujali. Alikuwa muuzaji kwenye duka kubwa la vifaa vya umeme, na kazi hiyo ilimfundisha kwamba bei nayo ina msimu wake kama matunda. Simu, alisema, inunue toleo jipya likishaingia, maana la zamani linakuwa halina mwenyewe tena. Friji iache joto lipite. Runinga usiiguse mashindano makubwa ya mpira yakikaribia. Iguse baada ya fainali, mashabiki wakishapoa na wenye maduka wakibaki na mzigo. Mtaani wakambatiza jina la Msimu. Mtu angemwita kutoka ng'ambo ya barabara, "Msimu, pasi lini?" naye anajibu bila hata kusimama.

Nisimnyime haki yake. Drai ya saluni yangu, ile ya kukaushia nywele za wateja, alinizuia nisiinunue nikiwa tayari nimefungua pochi mbele ya muuzaji. Nilimtukana njia nzima. Nikangoja, nikaja kuipata kwa nusu bei. Tangu hapo nikawa sina mdomo kwake. Kila nikitaka kumpinga, ananiuliza drai yangu haijambo.

Na tabia hiyo hakuiokota barabarani. Ilitoka kwa mama. Mama alitulea watatu kwa cherehani yake, bila mume wa kumsaidia, na viatu vya shule tulinunuliwa shule zikishafunguliwa, wakati wenzetu wameshaanza kuvichakaza vyao. Wakati huo, mama alisema, ni muuzaji anayekubembeleza wewe. Kulipa bei ya kwanza aliyotajiwa, kwake ilikuwa sawa na kutukanwa mbele za watu. Mdogo wangu alipopata kazi ya duka, mama alitembea kifua mbele utadhani mtoto amekuwa hakimu.

Mdogo wetu wa mwisho ni muuguzi. Alipata kazi nchi ya mbali, akaolewa hukohuko, akazaa binti hukohuko. Huyo mjukuu mama hakuwahi kumshika. Nauli ya kwenda kule haikuwa ya watu kama sisi, na wao kila mwaka walikuwa wanakuja mwaka ujao. Basi tulikuwa tunapigiana simu ya video kila Jumapili. Mama anaisogeza simu mpaka inagusa pua, halafu anaishusha na kulalamika kwamba mtoto wa watu ameletwa ukubwa wa harage. Sisi tukacheka, tukadhani ni utani wa kizee.

Haukuwa utani. Tulipompeleka kwa daktari wa macho, yule dada alimpima kwa taa, akampima kwa mashine, kisha akavuta kiti akakaa karibu yetu, na mimi daktari akikaa karibu nami huwa naogopa. Ugonjwa uko nyuma ya jicho, alisema, pale picha inapoingia, kwa hiyo miwani haitasaidia.

"Vitu vidogo ameshavipoteza," akasema. "Vikubwa ataendelea kuviona kwa muda. Mwaka labda, labda usifike. Kama kuna kitu anatamani kukiona, mwoneshe sasa."

Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza mama anatamani kuona nini. Hakufikiri hata kidogo. Alitaka kuuona uso wa yule mtoto mara moja tu, uwe ukubwa wa uso wa mtu, ajue kachukua pua ya nani.

Mdogo wangu akasema hilo halina shida kabisa. Dukani kwao kulikuwa na runinga moja kubwa, ile wanayoiwasha mlangoni kuvutia wateja. Ukiiunganisha na simu, yule mtoto anakuja sebuleni na uso mpana kama sinia. Mama akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Mimi nikasema basi twende tukaichukue leo. Hapo ndipo Msimu akajikuna kichwa. Mashindano ya mpira yalikuwa yanakaribia, bei iko juu ya paa. Tungoje miezi michache, fainali ipite, punguzo lianze.

"Bei itashuka tu, mama," akasema. "Tuwe na subira."

Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Akanijibu subira yavuta heri, akaniuliza na habari za drai. Daktari alisema sasa, na sote tulimsikia. Lakini sasa ya muuzaji ina miezi ndani yake. Nilimgeukia mama nikitegemea atanishika mkono, kumbe ndiye aliyekuwa ananiangusha. Alisema macho yake hayana haraka hivyo, na kwamba hakutulea tuwe watu wa kukurupuka.

Sasa sikiliza ujanja wa watu wa dukani. Punguzo likianza, mfanyakazi haruhusiwi kununua mpaka wateja waishe. Kwa hiyo mwenye kutaka kitu anakificha mapema: anachukua kikaratasi, anaandika MBOVU kwa kalamu nene, anakibandika, halafu anakipeleka stoo. Hakuna mteja anayeuliza bei ya kibovu. Siku ya mwisho ya punguzo unakibandua kikaratasi, unalipa nusu bei, unaondoka na kitu kizima. Wote walikuwa wanafanya hivyo, na kila mmoja alijifanya hajui ya mwenzake. Mdogo wangu akaibandika ile runinga, akaifunika shuka, akaja nyumbani kumweleza mama. Wakacheka wawili hao mpaka mama akashika mbavu. Na mimi nilicheka, ya nini kuficha.

Fainali ikachezwa. Siku chache kabla ya punguzo, mdogo wangu akapelekwa tawi jingine kusaidia kuhesabu mzigo. Huku nyuma mwenye duka akaamua stoo isafishwe, mzigo mpya upate nafasi. Akamwita fundi wa duka, mzee mmoja asiyependa maneno, akamwambia kila chenye kikaratasi cha ubovu akifungue, achukue spea zinazofaa, mabaki yatupwe. Fundi akafanya alichotumwa. Ile runinga ya mama aliifungua vizuri kabisa, kioo akamfungia mteja aliyevunjikiwa na chake, mashine za ndani akazipanga kwenye droo zake.

Mdogo wangu aliporudi alikuta fremu tupu imeegemezwa ukutani. Akamuuliza fundi ilikuwa na tatizo gani.

"Hilo ndilo nililotaka kukuuliza mimi," fundi akasema. "Nimeifungua yote, sijaona ugonjwa. Mwandiko ni wako."

Angesema nini? Akilalamika, anajifungia kamba mwenyewe shingoni, kazi inaota mbawa. Siku ya punguzo watu walianza kupanga foleni alfajiri, runinga kubwa zikaisha kabla chai ya saa nne haijachemka, na ilipofika zamu ya wafanyakazi kulikuwa kumebaki vidude vya kuweka jikoni. Alikuja nyumbani mikono mitupu, akakaa kwenye mkeka mbele ya mama, akaeleza yote bila kujitetea. Nilimwona alivyonywea nikaona huruma, na hasira nayo ikanipanda, sijui ipi ilitangulia.

Nikasema imetosha. Nilikuwa nimeweka akiba ya kupanua saluni; nikasema kesho naenda duka lolote, nalipa bei yoyote, na asiniletee mtu methali. Mama akakunja pindo la gauni lake kama anayetaka kulishona.

"Ukiinunua kwa bei ya juu sitaitazama," akasema. "Punguzo la mwisho wa mwaka si linakuja? Tumengoja hili, tutangoja na lile."

Ndivyo alivyo mama. Kama ni kosa, hakuna aliyelifanya peke yake nyumba ile. Mdogo wangu naye, badala ya kukataa, akainua kichwa kwa mara ya kwanza jioni ile. Safari hii hatabandika kikaratasi, akasema, ataongea na bosi uso kwa uso. Nikaona wamekubaliana, nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Leo nikikumbuka ule mkoba naumia. Ningeondoka nao moja kwa moja mpaka dukani, mama angenuna wiki moja, basi, na macho yangekuwa yameona.

Wakati tunangoja, mama alikuwa anatuficha. Alijifunza nyumba kwa miguu: hatua za kwenda jikoni, ukingo wa meza, kitasa. Mteja akileta kitambaa anasema cherehani ina hitilafu. Ukimwonesha kitu anasema kizuri sana, na kila kitu siku hizo kilikuwa kizuri sana. Mimi mwenyewe, msusi, mtu wa kuangalia vichwa vya watu kutwa, nilimsuka mama yangu nikamuonesha kwenye kioo, akakisifia kioo, nikaridhika.

Asubuhi moja mdogo wangu alipita kumjulia hali kabla ya kwenda kazini. Jua lilikuwa limeshajaa sebuleni, pazia limefunguliwa. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amevaa gauni nje ndani. Akaitikia salamu, kisha akamwomba awashe taa, maana leo kunachelewa kupambazuka.

Hakuenda kazini. Aliingia duka la kwanza aliloliona njiani, duka la washindani wao, akaonesha kwa kidole runinga kubwa kuliko zote na akalipa bei waliyomtajia. Muuzaji akamshauri, kwa wema tu, kwamba akivumilia kidogo mwisho wa mwaka ataipata kwa bei nafuu. Mdogo wangu alinisimulia hilo baadaye, akiwa amejishika kichwa kwa mikono miwili. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mimi methali hiyo siku hizi sipendi kuisikia.

Jumapili tukakusanyika. Runinga ilikula ukuta mzima. Simu tukaiegemeza juu ya kabati lililokuwa chini yake ili na wao watuone. Mama alikuwa ameoga, amevaa gauni lake la kutokea, nami nilikuwa nimelikagua mara mbili. Mdogo wangu akakaa kando yake, bega kwa bega. Ikaita, ikapokelewa, na yule mtoto akatokea, mkubwa, mzuri, na pua kachukua ya mama kabisa, hata yale matundu.

"Bibi, tazama, jino limetoka!"

"Nimeona, mjukuu wangu," mama akasema. "Pengo limekupendeza."

Ningemwamini, isipokuwa sauti ya ile runinga ilikuwa inatokea upande wa chini, na mama alikuwa analitabasamulia kabati, chini kabisa ya uso wa mtoto. Mdogo wetu kule mbali aliliona hilo. Nilimwona anaziba mdomo kwa kiganja nyuma ya binti yake. Mtoto yeye akaendelea na hadithi ya jino, nani kalivuta, damu ilivyotoka. Mama akanyoosha mkono mbele, mdogo wangu akauongoza mpaka kwenye kioo. Akakipima kwa shubiri toka pembe hadi pembe, kama alivyokuwa akipima vitambaa, na vidole vyake vikapita juu ya shavu la mjukuu wake, juu ya pua, vikaendelea.

"Ni kubwa kweli," akasema. Kisha akainama sikioni kwa mdogo wangu, mtoto asisikie. "Uliipata kwa punguzo?"

Mdogo wangu akanitazama. Nikatazama chini.

"Nusu bei, mama."

Mama akatikisa kichwa kwa furaha, akampiga kofi dogo la gotini. "Unaona? Tungekurupuka, leo tungekuwa tunalia."

Mdogo wangu alikuwa analia tayari. Ameuma mdomo, hatoi sauti, machozi yanamdondokea shatini, na mama kakaa hapo ubavuni kwake anatabasamu. Sidhani angejua. Lakini hadithi ya jino ilikuwa imekatika.

"Bibi," mtoto akasema kutoka ukutani, "mbona mjomba analia?"

Tabasamu la mama likabaki pale lilipo, halina pa kwenda. Akageuka upande wa mwanawe, akainua mkono akimtafuta, ukagusa bega, ukagusa sikio, ukafika shavuni ukalowa. Akauacha hapohapo. Habari ya bei hakuiuliza tena.