Maua Chini ya Picha ya Desanka

Desanka alikuwa mjane, na picha yake ilishachongwa kwenye jiwe la kaburi, kando ya ile ya mumewe. Ilibaki tarehe ya kufa tu. Asubuhi hiyo akakuta maua mabichi chini ya picha yake mwenyewe. Nani kamzika angali hai?

Akayahesabu. Saba! Kwao wafu hupelekewa maua ya shufwa. Witiri ni ya walio hai.

Nyuma ya jiwe mtu akakohoa. Desanka nusura azimie. Kumbe ni Živojin, fundi aliyeichonga sura yake.

“Mwanaharamu wee! Mbona hukuyaleta nyumbani?”

“Majirani zako wambea, bibie. Hawa wa hapa hawasemi.”

Desanka akaifunika picha ya marehemu kwa leso yake.

“Haya, sema.”