Ndege Isiyotaka Upepo

Kiharusi kilimkuta Kimeu chooni. Katuku, mkewe, alisema baadaye kwamba magonjwa mengine huwa na adabu ya kubisha hodi, ila hili halikuwa nayo. Kimeu hakucheka. Miaka mingi alikuwa ameendesha trekta la mkonge, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine ukiwapungia wanawake wa barabarani. Katuku alilijua hilo vizuri, maana yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waliopungiwa. Sasa ule mkono wa kulia ulilala juu ya blanketi kama kitu ambacho mgeni alikuja nacho akakisahau.

Akaacha kula. Katuku alimpikia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na pojo, chakula ambacho zamani alikuwa akikila mpaka anafungua mshipi. Kimeu akageukia ukuta.

"Mzee, huo ukuta una nini ambacho mimi sina?"

"Haunisemeshi."

"Kula kidogo basi."

"Nile niende wapi, Mama Mumo?"

 Katuku akatoka na sahani, akasimama nyuma ya jiko la nje, akawapa kuku. Mume wake alikuwa anakufa kwa hiari yake, kijiko baada ya kijiko, na yeye alikuwa amebaki kuchekesha kuku.

Mumo, kitinda mimba wao, fundi wa simu mjini Voi, ndiye aliyekuja Jumamosi moja na katoni ya viatu. Ndani hamkuwa na viatu. Mlikuwa na ndege. Aliikata mwenyewe kutoka kwa zile trei nyeupe nyepesi za kuwekea nyama supamaketi, akaibandika kwa gundi, akaipa kijimota cha kitu kilichoharibika na betri ndogo kama kucha ya kidole gumba. Mabawa yalikuwa mapana kama ya kunguru, lakini ukiiweka kiganjani ilibidi uangalie ndipo ujue kama ipo.

"Hii ni ya kurushiwa ndani, Baba," Mumo alisema. "Ukiitoa nje, huu upepo wetu utaivusha Tanzania bila pasi."

"Ndani wapi? Chini ya kitanda?" Katuku akauliza.

"Stoo."

 Stoo ilikuwa na nafasi, ndiyo. Kimeu aliijenga kwa matofali, akaitilia sakafu ya simiti, akitarajia kuijaza. Lakini mvua ya Novemba ilikatika mahindi yakiwa magotini, na yale machache yaliyozaa, ndovu waliyavuna wao, wakaacha mavi shambani kama risiti. Stoo ilikuwa tupu hata panya walikuwa wamehama.

Walimbeba Kimeu kwa kiti cha plastiki, wakamweka katikati. Mumo akampakatisha rimoti.

"Kijiti cha kushoto ni nguvu. Cha kulia ni kukata kona. Usikivute kama usukani wa trekta, kiguse kama unamgusa kifaranga. Ukiogopa, achilia nguvu, itashuka yenyewe kama jani. Na mfunge kila mahali. Hii ndege haitaki upepo, hata ule wa kupuliza uji."

Kimeu aliutazama mkono wake wa kulia. Kidole gumba peke yake ndicho kilichokuwa bado kinasikia amri, tena kwa kujivuta, kama karani aliyeitwa saa ya chai.

Mara ya kwanza Katuku aliirusha kwa nguvu, kama anayefukuza nyani. Ikabiringika, ikaanguka pua chini.

"Mama! Hurushi. Unaiachia tu."

Mumo akabandika udongo kidogo puani ili isiinue kichwa. Katuku akaiachia taratibu. Ikaenda, ikinong'ona kama nyuki aliyechoka, moja kwa moja mpaka ukutani. Pa. Ikateleza chini. Haikuvunjika.

"Ilihitaji kukata kona," Kimeu alisema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake marefu zaidi wiki hiyo.

Jioni alikula vijiko vitatu. Katuku aliosha ile sahani huku analia, akisingizia moshi.

Tangu siku hiyo kazi ikawa hiyo. Mumo alirudi mjini kwa simu zake, na wazee wakabaki na ndege yao. Walijifunza kwamba asubuhi ndiyo saa yake, kwa sababu mabati yakishapata moto ilikuwa inakimbilia kwenye boriti na kukataa kushuka. Katuku alisimama karibu na ukuta wa mbali, akiiokota kila inapogonga.

"Umenifanya kuku, Mzee. Nadonoa sakafu tu."

"Kuku ananyamaza akidonoa."

Alikuwa ameanza kumjibu kwa matusi! Katuku akajua dawa inafanya kazi. Kidole nacho kilikuwa kinaamka. Ndege ilianza kuinamisha bawa, kisha ikaanza kupinda, ikikaribia robo ya stoo kabla ya kugonga.

Asubuhi moja Kimeu akasema, "Ikizunguka stoo nzima ikarudi mkononi mwako, nitakula mezani na watu. Sahani nzima."

"Na isipozunguka?"

 Kimeu aligeuza macho akatazama ukuta, na Katuku akatamani asingeuliza.

Julai ikaingia na ule upepo wake. Ulishuka mlima Mbololo na manyunyu, ukapita chini ya mlango, ukapenya kwenye matundu ya hewa ambayo Kimeu mwenyewe aliyaacha ili mahindi yasioze. Ndege ikawa inayumba kama mlevi. Katuku akayaziba matundu kwa matambara, akaweka gunia chini ya mlango. Upepo ukakoma. Lakini mwili wenye kiharusi hausahau baridi. Kimeu akaanza kutetemeka, na kidole kinachotetemeka hakikati kona.

Basi akamletea jiko la makaa, akaliweka karibu na miguu yake.

Gertrude, jirani yao Mtaita wa kikundi cha akina mama wa kanisa, aliwakuta hivyo alipokuja kuazima ungo.

"Katuku wewe! Jiko ndani na mlango umefungwa? Si unajua linaua watu?"

"Linaua waliolala, dada. Sisi tuko macho, tena tunagombana."

"Mmh. Haya."

Na kweli, hakuna aliyewahi kusikia jiko limeua mtu aliye macho, asubuhi, ameshika rimoti. Waliokufa walikuwa wamejifunika usiku. Kila mtu huko alijua hivyo, hata Gertrude, ndiyo maana alichukua ungo akaenda.

Siku yenyewe upepo ulikuwa mkali kuliko zote. Katuku alijaza makaa, akabana gunia kwa kisigino. Walirusha, wakarusha tena. Kichwa kikaanza kumgonga Katuku.

"Nawe kinakuuma?"

"Kinauma. Ni njaa. Iachie."

Akaiachia. Ndege ikaenda, ikakaribia ukuta, na kidole gumba cha Kimeu kikasogea polepole, kwa wakati wake. Bawa likainama. Ikaambaa na ukuta wa mbali, ikapita juu ya mlango, ikapita nyuma ya kichwa chake naye hageuki kuitazama, ikaja mbele ya Katuku kama mtoto anayerudi kutoka dukani. Akaipokea kwa viganja viwili.

Kimeu alikuwa analia na kucheka upande mmoja wa uso.

"Mama Mumo. Pakua."

"Mezani na watu, ulisema."

"Leta hapa kwanza. Sahani nzima. Na uniwekee ndege hapo chini nikusubiri." Kisha, alipokuwa anatoka, "Funga vizuri! Baada ya chakula tunarudia."

Katuku akafunga. Akainama, akalisukuma gunia kutoka nje kwa mkono wake mwenyewe, kulia, kushoto, mpaka pasibaki ufa.

Hakufika mbali. Uwanja ulizunguka, miguu ikamkana, akatapika kando ya ua wa mkonge na kuketi chini. Alidhani ni furaha. Umri wake ule, furaha nayo ingeweza kumwangusha mtu. Akabaki pale na upepo usoni mpaka dunia iliposimama. Hakujua alikaa muda gani. Kisha akaenda jikoni, akapasha moto muthokoi, akapakua sahani ikafanya kilima.

"Mzee, fungua mdomo, mali inaingia!"

Akausukuma mlango kwa bega. Upepo ukamtangulia ndani, ukaiinua ndege kutoka sakafuni bila mota, ikapanda, ikazunguka nusu ya stoo, ikaanguka kwenye magoti ya Kimeu. Hakuishika. Kidevu kilikuwa kifuani. Mashavu yalikuwa na wekundu mzuri, kama ya mtu aliyeshiba.

Sahani ilikuwa bado inamchoma Katuku vidole alipoelewa.

Mazishi yalijaa watu. Meza ziliwekwa uani, na Katuku akazitazama zote. Wengine walisema ndege ichomwe, ni ya mkosi. Watu walipopungua, Mumo akaja chumbani na sahani. Mama yake alikuwa amelala ameelekea ukuta.

"Mama, ni mimi niliwaambia mfunge."

"Ulitwambia tufunge. Jiko hukulileta wewe. Na gunia hukulisukuma wewe."

"Kula, Mama. Kidogo tu."

Katuku aliendelea kuutazama ukuta. Ukuta, kwa kweli, haukumsemesha.

"Fungua mlango," akasema.

"Uko wazi, Mama."

"Basi fungua na dirisha."

Mumo akafungua. Upepo ukaingia, ukapeperusha pazia, ukapoza chakula. Ndipo Katuku akajigeuza, polepole, akanyoosha mkono kuchukua kijiko.