Mbofyo Mmoja ni Ndiyo

Kazini walimwita Kituo, kwa sababu ndilo jina alilojibia kwenye redio ya upepo tangu aajiriwe, na alishalizoea kiasi kwamba hata ungemwita hivyo sokoni angegeuka. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na sheria nyingi. Chumba chake cha mawasiliano pale kampuni ya maji kilikuwa na dirisha moja na feni inayolalamika kila ikizunguka, na ukutani kulikuwa na rafu ya chaja alikopanga betri kama mtu anayepanga mayai. Ole wako urudishe redio bila kuizima. Mafundi wa chini ya ardhi walisema ana mkono wa birika: wengine hubana pesa, huyu anabana chaji.

Walimcheka, ila hawakumbishia. Wote walimkumbuka fundi umeme aliyefukiwa zamani katika lile handaki la mabomba. Yule bwana alikuwa na redio nzima mkononi, akaitumia kulia, kutukana na kuuliza mnafika lini, mpaka betri ikakata. Waokoaji walipotaka awaambie kishindo cha mashine anakisikia upande gani, hakukuwa na wa kujibu, wakatoboa upande usio wake. Tangu hapo kila fundi mpya alipewa na Kituo somo lilelile. Kusikiliza kunakula chaji kidogo, kuongea kunaifyonza. Ukinaswa huko chini, usiongee. Mimi nitauliza, wewe bofya kitufe. Mbofyo mmoja ni ndiyo, miwili ni hapana.

Mwanafunzi wake mbaya kuliko wote alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, fundi mabomba, ambaye watu walimwita Kasuku na hawakumwonea. Alipiga domo na majirani, akapiga domo na walinzi wa geti, na watu wakikosekana aliyasimulia mabomba. Hakujua kueleza jambo kwa kifupi. Kwenda kununua sabuni tu ilikuwa hadithi yenye wema na waovu. Alikuwa bado anaishi nyumbani kwa mama yao. Kituo alimpenda sana mdogo wake huyo, na upendo wenyewe aliutoa kwa kumkaripia.

Asubuhi ile Kasuku aliingia handakini kutafuta bomba linalovuja, mwenzake akabaki nyuma kidogo akisogeza vifaa. Dari ikashuka kati yao. Mwenzake alitoka nje mbio, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu, akisema tu, "Kasuku yuko ndani, Kasuku yuko ndani." Kwa bahati waya wa antena uliotandazwa ukutani mwa handaki haukukatika.

"Kasuku, hapa Kituo. Unanisikia?"

"Dada! Nakusikia. Huku kumeporomoka kweli kweli, we acha tu. Jiwe limenilalia, lakini niko sawa. Yaani ungeona, nilikuwa nimeinama hivi, nikasikia kama mtu anavunja vyombo jikoni, nikajisemea leo kuna mtu atapata—"

"Kata maneno. Betri ina mistari mingapi?"

"Mitatu. Ingekuwa minne, ila asubuhi niliongea kidogo na yule mlinzi wa—"

"Kuanzia sasa huongei tena. Unabofya tu. Umeelewa?"

"Dada, lakini—"

"Bofya!"

Ikasikika tk moja, ya mtu aliyenuna.

Mkuu wa waokoaji, mzee mpole mwenye sauti ya kukwaruza, alikuja akasimama mlangoni. Alisema kifusi ni kingi na mashine hazitafika kabla ya jioni. Kisha akashauri mtu mwingine akae kwenye redio, maana damu ni damu. Kituo alikataa katakata.

"Akikaa mwingine, Kasuku atamtia maneno mpaka chaji iishe," alisema. "Mimi ananiogopa."

Basi wakaanza kazi ya kutwa. Hewa ipo? Tk. Maji yanapanda? Tk, tk. Taa yako inawaka? Tk. Unaumia sana? Hapo kukawa kimya kidogo, halafu zikaja mbili, tk, tk, na Kituo akashukuru, akapita kwenye swali lingine. Aliamini kwa sababu alitaka kuamini. Na mtu wa kubofya hajibu ila alichoulizwa, naye Kituo aliuliza yale aliyofundishwa kuuliza.

Mchana, bila kuulizwa kitu, redio ikaongea.

"Dada, samahani. Nina neno moja tu."

Sauti ilikuwa ya chini na haikuwa na haraka. Kasuku, ambaye tangu azaliwe maneno yake yalisukumana kama watoto wanaotoka darasani, alikuwa anaongea polepole. Mkuu alishusha kikombe chake cha chai na kumtazama Kituo. Kidole cha Kituo kilikuwa juu ya kitufe. Ni jambo dogo sana kumwambia mtu "sema", na hata sasa ukilifikiria unatamani umshike bega umtikise. Lakini kichwani mwake alikuwa akimwona yule fundi umeme.

"Utaniambia ukitoka," alijibu. "Nitakusikiliza mpaka uchoke mwenyewe, nakuapia. Sasa tunza chaji, mdogo wangu."

"Sawa, Dada."

Halafu ikafuata tk moja, ingawa hakuna aliyeuliza swali.

Mashine zilipokaribia, somo la Kituo likalipa. Unazisikia? Tk. Kushoto kwako? Tk, tk. Kulia? Tk. Mkuu akapeleka habari, wachimbaji wakahama upande, na mara kifusi kikaanza kutoka kwa urahisi. Mafundi waliosongamana mlangoni wakapiga makofi. Kituo alijiruhusu kutabasamu, akafuta jasho, akapanga moyoni maneno ya kumgombeza Kasuku atakapotoka, jinsi alivyoingia kazini na betri isiyojaa.

"Kasuku, wamekaribia sana. Unawasikia?"

Kimya.

"Kasuku, bofya."

Kimya.

"Betri hiyo," mkuu alisema harakaharaka. "Imekata. Kutwa nzima, itakuwa betri tu."

Kituo aliling'ang'ania neno hilo kwa mikono miwili. Naam, betri. Betri zenyewe za zamani, na mistari ilikuwa mitatu, na kule chini kuna baridi, na baridi huimaliza betri upesi. Alimweleza mkuu yote hayo, na mkuu akatikisa kichwa kukubali kila moja. Mwanamke aliyeishi maisha yake akizuia betri zisife, sasa aliomba kwa moyo wote hii moja iwe imekufa.

Lakini kidole hakikutoka kwenye kitufe.

"Kasuku, ongea. Nimekuruhusu. Sema hilo neno lako. Sema na mengine yote, sema upuuzi, nitukane, niambie nimezidi." Aliachia kitufe, akasikiliza, akabonyeza tena. "Hadithi zako zote nazisikia, sikia? Hata nikijifanya nahesabu betri. Ile ya mlinzi wa geti sikuimalizia, niambie kilichotokea. Mdogo wangu, ongea basi." Aliongea na kuongea, yeye aliyejulikana kwa uchache wa maneno, na machozi yalikuwa yanadondoka juu ya meza na hakuna aliyethubutu kumgusa.

Redio ya pili pale mezani, ile ya njia ya wachimbaji, ikaamka.

"Kituo, tumetoboa. Tumemfikia." Pumzi za mchimbaji zilisikika. "Kituo, unaweza kuacha sasa. Tunakusikia."

"Najua mnanisikia. Yukoje?"

"Si kwenye redio yetu. Kwenye yake. Iko kifuani kwake, inawaka. Sauti yako inatoka vizuri kabisa."

Mtu mmoja mlangoni alisema "Jamani," basi. Feni ilikuwa inazunguka. Kituo aliuliza, kwa mazoea ya kazi, maana mdomo ulikwenda wenyewe, betri ina mistari mingapi.

"Miwili," mchimbaji alijibu.

Daktari alisema jiwe lilikuwa limemponda tumbo, na kwamba hata angetolewa mapema hakuna ambacho kingefanyika. Alisema pia kwamba mwenyewe lazima alijua. Hilo alilisema kwa kumfariji. Mkuu naye alimwambia amefuata utaratibu barabara, na bila yeye mwili usingepatikana kwa siku kadhaa. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomsaidia.

Garini, walipokuwa wakienda kwa mama, mkuu alikohoa. "Mama akikuuliza, mwambie alisema anawapenda. Nani atabisha?"

Kituo alifikiri kwamba huenda ndivyo angesema kweli. Alifikiri pia kwamba huenda alikuwa na siri fulani, au deni, au mtu aliyetaka aombwe radhi. Au labda alitaka tu kumalizia habari za yule mlinzi. Hilo neno moja lingeweza kuwa neno lolote, na yeye ndiye aliyelizuia.

Nyumba ilikuwa imejaa watu. Mama alikuwa chumbani kwa Kasuku, amekaa kitandani na miguu juu, hata viatu hajavua. Alipomwona binti yake aliwaomba wanawake waliokuwa naye watoke kidogo. Akasogea ukutani kumpa nafasi.

"Funga mlango, mwanangu. Kaa."

Kituo akakaa. Mama akamshika mkono, akaupapasa.

"Wameniambia ulikuwa naye kwenye redio kutwa nzima."

"Ndiyo, mama."

"Hilo ndilo limenipa nguvu. Nilipoambiwa nikasema, afadhali, mwanangu hakuwa peke yake. Alikuwa na dada yake, na ule mdomo wake." Alitaka kucheka, ikashindikana. Akajifuta kwa ncha ya khanga, akajiweka sawa, akaegemea mto. "Haya, niambie alisema nini. Anzia mwanzo. Usiruke hata neno."

Ule uongo wa garini ulikuwa tayari ulimini. Lakini ulikuwa sentensi moja, na mama alikuwa amekaa akisubiri asimuliwe kutwa nzima ya mtoto wake.

"Hakusema, mama," Kituo alisema. "Alitaka kusema. Mimi nilimkataza."

"Ulimkataza?" Mkono wa mama ukaacha kupapasa. "Kwa nini?"

"Nilikuwa natunza betri."

Mama alimtazama kama anayesemeshwa lugha asiyoijua.

"Betri ya nini?"

"Ya kuongea naye, mama."